Nyumba ya Fundi Ngeleka

Treni ingeondoka saa kumi alasiri. Mkuu wa stesheni ya Kolwezi alikuwa ameahidi hivyo mara nyingi mno mwezi ule, hata watu wakaacha kumsikiliza. Lakini leo kichwa cha treni kilikuwa kimefika kweli, kikinguruma relini tangu alfajiri, na watu walikuwa wanafunga magodoro.

Inspekta Nkulu alipita katikati ya masufuria na mashine za kushonea mpaka kwenye ukuta wa ghala. Pale, juu ya furushi lake, alikaa Mama Mbelu, mgongo wima, kama mtu aliyekuja tu kumsindikiza mgeni. Alikuwa na miaka sitini na kitu. Wiki mbili zilizopita vijana wenye marungu walimtoa mji wa Mutobwe, yeye na majirani wote waliohesabiwa kuwa watu wa Kasai, ili warudi kwao. Huko kwao hakukujua. Alizaliwa Mutobwe, karibu na kanisa, na Kasai aliijua kwa nyimbo za mama yake tu.

“Mama, leo iko treni,” Nkulu alisema. “Ni ya mwisho mu huu mwezi.”

“Nimesikia.”

“Basi utapanda.”

“Mi sipande bila tata Ngeleka.”

Kesi yote ilikuwa hiyo. Ngeleka, mume wake, fundi mwashi, alimpandisha kwenye lori siku ya Jumanne, akamwambia anabaki kukusanya vyombo vyake vya kazi na atamfuata kesho. Kesho zilikuwa zimepita kumi na nne. Badala ya mume ilikuja habari kwamba nyumba yao imeuzwa, na mnunuzi ni Mukalay, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, na aliyetia saini ya shahidi ni dalali wa mji.

Vijana waliolinda stesheni walikwisha kutangaza kwamba atakayebaki baada ya treni hii ataondolewa kwa miguu, na njia watachagua wao. Nkulu alijua maana ya maneno hayo. Mama Mbelu naye aliijua, na bado alikaa.

“Mu ile nyumba mulikuwa kitu gani ya bei?” Nkulu aliuliza, daftari gotini.

“Bei?” Alicheka kidogo. “Mufuko moya ya simenti, chini ya kitanda. Miaka tatu! Alisema atanitilia simenti mu jiko, sababu kule chini ni udongo tu. Kila Noeli anasema, ngoja Noeli ingine.”

“Na bintu yake ya kazi?”

“Mwiko yake. Ile haiache ata siku moya. Ata ku misa anakuwa nayo mu mufuko ya koti. Padri alishachoka kumugombeza.”

Nkulu aliandika: *saruji, mwiko*. Kisha akaenda kwa karani wa kambi, akafungua kitabu cha malori yaliyoleta watu. Lori la mwisho kutoka Mutobwe liliingia Jumanne, tarehe nne, mwezi wa tano. Baada ya hapo hakuna hata moja. Akaandika na hilo, akapanda baiskeli.

Ofisi ya upelelezi ilikuwa na gari, na gari halikuwa na petroli tangu mwaka uliopita, kwa hiyo Nkulu alifanya kazi ya serikali kwa miguu yake mwenyewe. Barabara ilipita kando ya karakana za kampuni zilizofungwa, milango ikiwa imeng'olewa, kisha ikaingia msituni. Kilometa kumi na tano, na hakukutana na mtu wa kumsalimia. Zamani njia ile ilijaa wanawake wenye vikapu vya sombe, majani ya muhogo. Nkulu alijikuta anaongea na baiskeli, akanyamaza kwa aibu.

Mnara wa kanisa la Mutobwe ulionekana kabla ya mji. Mapadri wa kwanza waliujenga mji ule kwa matofali ya kuchoma, wakaupanga kwa kamba, barabara zimenyooka, nyumba za mafundi, makatekista na wachapaji zikifuatana kwa safu. Juu ya kila mlango waliacha kijidirisha kisichopitisha hewa, mahali pa kuweka sanamu ya mtakatifu wa nyumba. Waliofukuzwa waliondoka na watakatifu wao. Kwa hiyo mgeni hakuhitaji kuuliza nyumba ipi haina mtu, aliangalia juu ya mlango tu. Nkulu alihesabu vijidirisha ishirini na vitatu vitupu kabla ya kufika kanisani. Chini ya kila kimoja, kwa chokaa, yameandikwa maneno yaleyale: NYUMBA YA KUUZISHA. Palipokwisha kununuliwa: IMEUZISHWA. Mwandiko ulikuwa wa mkono mmoja.

Mwenye mkono huo alikuwa amekaa kwenye ngazi za shule, kopo la chokaa miguuni. Jina lake Kabemba. Kampuni ilipomwachisha kazi aligeuka komisionere, dalali wa nyumba, na mwaka ule hakuna kazi iliyostawi Mutobwe kuliko yake.

“Karibu, tata! Unatafuta nyumba? Iko ile ya katekista, byumba tatu, mabati mupya. Mwenyewe alienda mbio, hakuvuna ata mahindi yake. Utavuna weye!” Aliitazama baiskeli. “Kwa velo moya tu, tunasikilizana.”

“Hii velo ni ya polisi.”

Kabemba akaacha kuitazama baiskeli.

“Nyumba ya fundi Ngeleka,” Nkulu alisema. “Ulitia saini ya shahidi mu karatasi ya kuuzisha. Ngeleka eko wapi?”

“Alienda. Nilimuona na macho yangu. Siku ya tano asubui, alipanda kamyo, mwiko mu mukono.”

“Siku ya tano, tarehe saba?”

“Njo ile.”

“Kamyo ya nani?”

“Ya… ile ya kubeba bantu.”

“Kamyo ya mwisho ilitoka huku siku ya pili, tarehe ine. Nilisoma mu kitabu. Sasa niambie kamyo yako ilipita juu ao chini ya barabara.”

Kabemba alikoroga chokaa yake ingawa haikuhitaji kukorogwa.

“Mukalay alinipa radio yake,” alisema mwishowe. “Nitie saini, na kama mutu anauliza, niseme nilimuona anaenda. Mi nilikubali. Ni radio ya muzuri.” Akasogea karibu. “Lakini tata, weye uende uangalie mu jiko. Nilichungulia ku dirisha. Chini mote ni simenti mupya. Sasa mu hii nchi, leo, simenti inatoka wapi? Mi nilinyamaza. Niko mutu ya manyumba, si mutu ya mambo.”

Nkulu aliisukuma baiskeli bila kupanda. Alitaka muda wa kupanga hoja. Mume alibaki peke yake. Jirani akapata nyumba. Jirani akamhonga shahidi. Sakafu ikawekwa saruji ambayo mwenyewe aliihifadhi miaka mitatu. Mkuu wake wa kazi angekwisha kutoa pingu kwa robo ya hayo.

Nyumba ya Ngeleka iliandikwa IMEUZISHWA kama nyingine. Ila juu ya mlango Mtakatifu Yosefu alikuwa bado amesimama na ubao wake wa useremala, na mbele yake mtu alikuwa ameweka maua ya porini. Hayakuwa yamenyauka. Nkulu aliyatazama kitambo, akagonga mlango wa pili.

Mukalay alitoka mwenyewe. Alikuwa karani wa kiwanda cha uchapaji cha misheni mpaka kilipofungwa, mtu mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ndevu zilimwota ovyo. Mke wake, Ernestine, alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, nywele hazikuchanwa, kitambaa kimefungwa kiunoni. Mbele yake mbabula ilikuwa na makaa mekundu, na juu ya makaa hapakuwa na sufuria. Viti sita vilipangwa nje, vimeegemezwa ukutani, na vumbi limetanda juu yake.

“Karibu, tata,” Mukalay alisema. Hakumpa kiti. Watu wa Mutobwe wasiompa mgeni kiti, na viti wanavyo! Nkulu alikaa kwenye mkeka.

“Nani alikufa?”

Mume na mke hawakutazamana. Hilo lenyewe lilikuwa jibu, lakini la swali gani?

“Hakuna mutu,” Mukalay alisema.

“Muzuri. Fungua ile nyumba ulinunua.”

Ndani ya nyumba ya Ngeleka kulikuwa kumefagiliwa. Kitanda kilitandikwa. Kilemba cha zamani cha Mama Mbelu kilining'inia msumarini, na hakuna aliyekigusa. Mnunuzi gani hutunza kilemba cha muuzaji? Nkulu aliinama akachungulia chini ya kitanda, akakuta mahali palipokaa mfuko siku nyingi, pembe nne nyeupe na hakuna mfuko.

Sakafu ya jikoni ilikuwa mpya kweli. Ilikuwa pia mbaya. Ilipanda huku ikashuka kule, na katikati ilipasuka, kwa sababu aliyeiweka hakujua kuimwagilia maji baadaye. Karibu na ukuta wa upande wa kanisa palikuwa na msalaba mdogo uliochorwa kwa kidole. Kwenye rafu kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa kitambaa safi. Nkulu alikifungua. Mwiko, umeoshwa, umepakwa mafuta usishike kutu.

“Ni ya Ngeleka,” alisema.

“Ni yake.”

“Haiache ata siku moya. Bibi yake njo alisema.”

Mukalay alivua miwani. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, pamoja, kama mtu anayepokea kitu kwa padri. “Unifunge, tata. Lakini usivunje ile chini. Nakuomba. Umuache.”

Nkulu alikuwa na pingu mfukoni na hakuzitoa. Viti vilimsumbua. Amekaa kazini miaka kumi na tisa na amewaona wauaji wa namna nyingi, waliokimbia, waliolewa, waliokwenda kuungama. Muuaji huficha maiti. Lakini kutoa viti nje, kulala chini, kuacha nywele, kuwasha moto usiopika kitu na kuulinda mchana na usiku, hayo hufanywa na wenye kilio. Na kilio hakihongwi kwa radio.

Hata hivyo mtu aweza kuua na kulia. Alimfungia Mukalay sebuleni, akaenda kwa Ernestine, akauliza maswali machache, kisha akarudi akauliza yaleyale.

“Alikufa siku gani?”

“Siku ya posho,” alisema Ernestine, yaani Jumamosi. “Tarehe munane. Kengele ya saa sita ilikuwa inalia.”

“Siku ya posho,” alisema Mukalay. “Kengele ilikuwa inalia, tulikuwa tunasali Malaika wa Bwana. Yeye hakuitika.”

“Alikuwa mugonjwa ya nini?”

“Moto ya mwili,” alisema Mukalay. “Siku mbili. Tulimuficha mu stoo yetu, nyuma ya mifuko ya mahindi. Dawa, ku dispanseri hakuna. Na kama ningeomba kwa bantu, bangeuliza ni ya nani.”

“Nani alimuosha?”

“Miye,” alisema Ernestine.

“Bibi yangu,” alisema Mukalay.

“Nguo gani?”

“Koti yake ya misa.”

“Koti ya misa. Mufuko ilikuwa wazi. Tulisema mwiko tubakishe, Mama Mbelu apate kitu ya kushika.”

“Kichwa inaangalia wapi?”

“Ku munara. Aliujenga na baba yake.”

Majibu yalilingana bila kufanana mno, na Nkulu alipenda hivyo. Yaliyokaririwa hufanana mpaka kwenye koma. Aliwakalisha pamoja barazani.

“Na nyumba?”

Mukalay aliingia kwake, akaitoa picha ya Moyo Mtakatifu ukutani, na nyuma ya picha akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Saini zilikuwa mbili, yake na ya Ngeleka, ya tarehe sita. *Mimi Mukalay sikununua nyumba hii. Ninaiangalia tu. Ni ya Ngeleka na Mbelu na uzao wao, siku yoyote watakaporudi.*

“Yeye njo alibaki kwa hii karatasi,” Mukalay alisema. “Si bintu ya kazi. Aliona manyumba ya benzake inabebwa. Akasema, ndugu yangu, nunua kwa jina tu. Kesho yake moto ya mwili ikamushika. Ku makaburi bale bijana bako balinda, balisema mutu wa Kasai hatalala mu udongo yetu. Tukamuzika kwake, usingizi usisumbuliwe na mutu. Simenti ilikuwa yake. Mi si fundi, unaona mwenyewe.”

“Na mama Mbelu? Muliacha anangoja ku gare siku kumi!”

“Kama anasikia amekufa, atarudi kulia bwana yake,” Ernestine alisema. “Weye ungemu…” Akashindwa, akaanza tena. “Angerudi kwa miguu, tata. Bangemupiga hapa hapa ku mulango.”

Mwezi wa tatu mke wa Nkulu mwenyewe, Agnès, alipanda treni na watoto wao wawili, kwa sababu ya jina la Kikasai la baba yake, na Nkulu alijua mwanamke anaweza kurudi kwa jambo dogo kuliko hilo. Kila siku aliombea arudi, na kila siku aliombea asirudi. Nyumba yake ya mtaa wa Dilala ilikuwa na vitanda vitatu na mlalaji mmoja.

“Na hii kilio,” alisema, akionyesha viti. “Siku kumi. Mutu akipita akaona?”

“Tunajua ni bujinga,” Ernestine alisema. “Kabemba alishaanza kuchungulia. Lakini kilio inamalizwa na nani? Si na jirani. Ni jamaa ya mufu njo inasema, imeisha, muingize biti, muchane nywele. Sasa jamaa yake bote bako ku gare. Nani atatusemea?” Alitia kaa moja kwenye mbabula. “Tutakaa chini mpaka lini, tata?”

Nkulu alifungua daftari. Kuzika bila kibali ni kosa. Saini ya uongo ni kosa. Aliandika polepole: *Mtu anayetafutwa aliondoka tarehe nane. Nyumba iko mikononi mwa Mukalay kwa karatasi halali. Hakuna kesi.* Akasoma tena. Hakuna neno lililokuwa la uongo. Akauchukua mwiko, akaufunga kitambaa chake, akapanda baiskeli.

Alifika stesheni saa tisa na nusu. Mabehewa yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni na watu walikuwa wanapandia madirisha. Mama Mbelu hakusogea kwenye furushi lake. Karibu naye wanawake wanne wa Mutobwe walikataa kupanda kabla yake, na vijana wa marungu walipita nyuma yao wakihesabu waliobaki.

Njia nzima Nkulu alikuwa ametunga maneno. Amekutangulia, mama, alipitia Lubumbashi. Yalikuwa maneno mazuri na yangempandisha kwenye treni. Aliutoa mwiko ili ayasindikize, na Mama Mbelu alipouona, maneno yalikwisha kazi.

Hakupiga kelele. Aliwatazama vijana, akaushika mwiko kwa mpini.

“Nani alimuosha?” aliuliza kwa sauti ndogo.

“Mama Ernestine.”

“Balimuvalisha nini?”

“Koti ya misa.”

“Kichwa?”

“Inaangalia ku munara. Mu jiko yako, mama. Balimufunika na simenti.”

Mama Mbelu alitikisa kichwa, mara moja, mara mbili. “Sasa jiko yangu imepata simenti,” alisema, na machozi yakaanza kushuka.

Alishuka kwenye furushi, akakaa chini, kwenye kokoto. Akafungua kilemba chake, akakiweka mapajani. Wale wanawake wanne hawakuuliza kitu. Mmoja baada ya mwingine walikaa chini pamoja naye, na kilemba kimoja kimoja kikafunguliwa. Aliye mbali angedhani ni wanawake waliochoka. Hakuna aliyetoa sauti, na vijana walipita wakaenda zao. Nkulu alisimama mbele yao na kofia yake mkononi, akilia waziwazi, afisa mzima.

Filimbi ya kwanza ililia. Nkulu akasema kwa haraka yaliyobaki: karatasi nyuma ya picha, moto, viti sita ukutani, na swali la Ernestine.

“Siku kumi bako chini?” Mama Mbelu aliuliza.

“Siku kumi.”

Mama Mbelu akafunga kilemba upya, kwa makini, pembe kwa pembe, akasimama, na wenzake wakasimama.

“Mi njo jamaa yake,” alisema. “Ubaambie imeisha. Barudishe biti mu nyumba.”

Filimbi ya pili. Nkulu alimsukuma kupitia mlango wa behewa, furushi likafuata juu ya vichwa vya watu. Mwiko hakuuachia. Treni ilipoondoka Nkulu aliona mpini wake ukitokeza kwenye kifundo cha kitenge, kisha hakuona kitu.

Hakuna aliyemwagiza kurudi Mutobwe siku ileile. Aliyaambia magoti yake hivyo, na magoti yakakubaliana naye, lakini baiskeli ilikwisha kushika njia. Alifika jua likiwa linagusa mnara. Mukalay na Ernestine walikuwa kwenye mkeka, kama alivyowaacha.

“Alipanda,” Nkulu alisema, akihema. “Na amesema: imeisha. Murudishe biti mu nyumba.”

Ernestine alifunika uso kwa mikono miwili. Kisha akainuka, akachukua kopo, akamwaga maji kwenye mbabula, na moshi mweupe ukapanda. Mukalay alishika viti viwili, akaanza kuingiza. Nkulu aliegemeza baiskeli, akafuta vumbi kwenye kiti cha mwisho kwa mkono wa koti lake, akakibeba mwenyewe mpaka ndani, akakiweka mezani pamoja na vile vingine. Akageuka kutoka.

“Unaenda wapi, tata?” Ernestine alisema. Alikuwa ameshika kitana. “Nitasonga bukari sasa hivi. Ukae, utakula pamoja na shiye.”

Tangu mwezi wa tatu hakuna mtu aliyekuwa amemwambia neno hilo. Nkulu alivua kofia, akakaa.